Malindi hadi Kilifi na kurudi kwa baiskeli: maswali tunayoulizwa kila mara

Kila mwaka upepo wa kusi ukishika, simu yangu hujaa maswali yale yale. Baiskeli gani? Maji kiasi gani? Nikichoka je? Nimeyajibu barazani, nimeyajibu sokoni, na juzi nimejibu moja nikiwa kwa kinyozi na povu shavuni. Nimeona bora niyaandike yote mahali pamoja. Kama swali lako halimo, uliza. Ila soma kwanza.

Hii ni safari ya nini hasa?

Ni safari ya baiskeli ya hisani. Tunatoka Malindi asubuhi, tunakwenda mpaka daraja la Kilifi, tunageuka, tunarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ni kilomita 60 hivi kwenda na 60 kurudi. Kila mwendeshaji huja na pesa alizochangisha kwa jamaa, majirani na wenzake wa kazini, na pesa hizo huenda kwa familia zenye watoto wa selimundu: nauli ya kliniki, dawa za kila siku, na usiku mbaya ukija, gari la kumkimbiza mtoto hospitali.

Si mashindano. Nitalirudia hili mpaka uchoke, kwa sababu kila mwaka hutokea kijana mmoja mwenye miguu ya moto aliyelisikia kwa sikio moja tu.

Kwa nini selimundu?

Kwa sababu tunayo majumbani mwetu. Jina lajieleza lenyewe: seli nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni mviringo na laini, hujipinda zikawa kama mundu. Zikishajipinda hunasa kwenye mishipa midogo, damu haipiti, na mtoto hushikwa na maumivu ya mifupa ambayo mzazi akiyaona mara moja hayasahau. Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba mtoto wa hivyo amerogwa, au kwamba mamake ana mkosi. Hakuna aliyerogwa. Mtoto huupata ugonjwa akirithi jeni ya selimundu kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, ambao wenyewe ni wazima na huenda hata hawajui, basi katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuzaliwa na ugonjwa. Kila mimba, si kila mtoto wa nne. Nimeona watu wakihesabu watoto kwa vidole: watatu wazima, basi wa nne ndiye. Haiendi hivyo.

Na kwa nini pwani? Malaria. Mtu mwenye jeni moja tu ya selimundu hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali, kwa hivyo palipokuwa na mbu wa malaria vizazi kwa vizazi, jeni hiyo ilibaki na kuenea. Anthony Allison, daktari aliyekulia hapa Kenya, ndiye aliyeliandika hilo mwaka 1954. Ubaya ni kwamba mwenye jeni mbili hana kinga hiyo. Yeye malaria ikimpata humwangusha vibaya. Ndiyo maana vyandarua huwa kwenye orodha ya vitu tunavyonunua, na watu hushangaa.

Si mngechanga pesa tu mkae nyumbani? Ya nini kujitesa?

Swali zuri, na wazee wa barazani huniuliza kila mwaka kwa sauti ya kunionea huruma.

Jibu la kwanza ni la kibinadamu. Shemeji yangu hajawahi kuninunulia hata soda. Nilipomwambia nakwenda Kilifi kwa baiskeli na kurudi, alitoa elfu moja papo hapo. Nadhani alitoa kwa kutaka kuona nikishindwa, lakini elfu moja ni elfu moja. Watu hutoa wakiona mtu anatoka jasho.

Jibu la pili ndilo langu hasa. Tukisimama Gede au Matsangoni tukiwa kundi zima la watu waliovaa fulana za rangi moja, watu huja kuuliza kuna nini. Hapo ndipo mazungumzo huanza. Mwaka mmoja mama mmoja alisikiliza akiwa amebeba ndoo ya maji kichwani, hakuitua, halafu akauliza polepole kama vidole vya mtoto kuvimba mikono yote miwili kunaweza kuwa ni hiyo. Kunaweza. Kwa watoto wadogo, kuvimba mikono na miguu ni mojawapo ya dalili za mwanzo. Tulimwelekeza kliniki ya kupima damu. Ukikaa nyumbani na kutuma pesa kwa simu, mama yule humpati.

Siku yenyewe huendaje, kuanzia alfajiri?

Tunakutana karibu na jeti, gati la Malindi, saa 11 na nusu alfajiri, kukiwa bado giza. Wengine huja moja kwa moja kutoka msikitini. Tunakagua breki, tunajaza upepo, tunahesabiana. Kuhesabiana si mzaha: kila mtu ana namba na namba huitwa kila kituo. Saa 12 na nusu, jua likiwa limechomoza baharini na barabara inaonekana, tunaondoka.

Mji hutuishia haraka. Ukipita uwanja wa ndege unaingia kwenye barabara kuu ya Mombasa, na kuanzia hapo kazi ni moja, kukaa kushoto. Gede ni kilomita 16 hivi, tunafika kama saa 1 na nusu. Hapo tunakunywa chai, na wale wa safari fupi wanageuka kurudi Malindi. Kila mwaka mtu huuliza kama tutaingia magofu ya Gede. Hatuingii, hakuna muda, lakini njoo siku nyingine na watoto: ni mji wa Waswahili wenye msikiti, jumba la mfalme na visima, uliohamwa katika karne ya 17 na ukamezwa na msitu, na mwaka 2024 uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ni aibu mtu wa Malindi kuujua kwa picha tu.

Baada ya Gede ndipo sehemu ninayoipenda. Mkono wa kulia, upande wa bara, uko msitu wa Arabuko Sokoke, msitu mkubwa kuliko yote iliyobaki ya pwani katika Afrika Mashariki, kilomita za mraba zaidi ya 400. Mkono wa kushoto, mbele kidogo, iko hori ya Mida na mikoko yake. Asubuhi hiyo baridi ya msitu huvuka barabara, ukaisikia shingoni. Watu hunyamaza wenyewe. Kuna tembo ndani na kuna sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo wa pua ndefu. Usitarajie kumwona yeyote kati yao kutoka juu ya baiskeli.

Kisha Matsangoni, Roka, Tezo, na Kilifi mjini kama saa 4 na robo. Tunapita mji mpaka darajani. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla yake watu walivuka kwa feri, na kila mwaka mzee mmoja katika kundi lazima atusimulie foleni ya feri ile. Tunapiga picha, tunarudi mjini, tunakula, tunanyoosha mgongo chini ya mbuyu. Saa 5 na nusu tunaanza kurudi. Roka au Matsangoni tunasimama kwa adhuhuri, Gede kama saa 9, na Malindi saa 10 jioni, Mungu akijalia.

Mbona Agosti? Si ni upepo mkali?

Ni kwa sababu ya huo upepo. Hapa ndipo mabaharia waliotutangulia walikuwa na akili kuliko waendesha baiskeli wengi. Kaskazi huvuma kama Disemba hadi Machi, ukitoka kaskazini mashariki. Kusi hushika baada ya hapo na huendelea mpaka karibu Septemba. Majahazi yalikwenda na kurudi kwa kuufuata huo, si kwa kubishana nao.

Sasa fikiria. Kutoka Malindi kwenda Kilifi unaelekea kusini. Ukienda Januari, kaskazi itakusukuma asubuhi, utajiona bingwa, utafika Kilifi ukiimba. Halafu saa sita ya mchana unageuka na jua la kaskazi utosini, upepo ule ule usoni, miguu imechoka, na kilomita 60 mbele. Tulifanya hivyo mwaka wa kwanza. Nilipofika Roka misuli ya paja ilinikaza nikalala kando ya barabara kama samaki kwenye mkeka, na bibi mmoja muuza madafu akaja kunisimamia. "Mwaenda wapi na jua hili, wanangu?" Nilipomwambia, alicheka mpaka akashika mti.

Agosti ni kinyume. Asubuhi, ukiwa na nguvu na upepo bado haujaamka vizuri, unakwenda nao uso kwa uso. Mchana kusi imekomaa, nawe umechoka, na sasa iko mgongoni mwako. Kutoka Tezo kurudi Gede kuna mahali unaacha kupiga pedeli na baiskeli inakwenda yenyewe. Jua nalo lina huruma kidogo mwezi huo, na mvua za masika zimekwisha.

Nahitaji baiskeli ya aina gani?

Iliyo nzima. Nimeona mtu akimaliza kwa blakmamba la chuma, keria nyuma na kengele mbele, lile lile analouzia mkate siku nyingine. Nimeona pia mwenye baiskeli ya mbio ya bei ya pikipiki akirudi kwa pikapu kwa sababu breki ilikuwa ya kuonyesha tu.

Baiskeli ya matairi mapana yenye meno ni nzito kwenye lami, lakini husamehe mashimo. Ya mbio ni nyepesi, ila pembeni mwa lami kuna mahali ukingo umemegeka na kushuka, na tairi jembamba likiteleza hapo humwangusha mtu. Ukiniuliza mimi, chukua ya milimani, uitie matairi yasiyo na meno.

Jambo moja la bure kabisa: urefu wa kiti. Kaa, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke. Wengi wetu tunaendesha na kiti kimeshuka kama cha mtoto, magoti yanakuja kifuani, halafu tunasema baiskeli inaumiza magoti. Baiskeli haina kosa.

Mnyororo usafishe wiki moja kabla, si usiku wa kuamkia safari. Fundi mzuri atakuambia kama umerefuka kwa kuchakaa na unahitaji mpya. Na upeleke mapema, kwani wiki ya mwisho mafundi wote wa Malindi huwa wamefurika.

Pancha je?

Kupata, utapata. Swali ni kama utaipata ukiwa na tyubu ya akiba au bila.

Adui wa barabara hii si miba, ingawa ukiegesha kando kwenye mgunga utaijua miba. Adui ni uzi wa chuma. Matairi ya malori yakipasuka huacha vipande vya mpira pembeni, na ndani ya mpira ule mna nyuzi za chuma nyembamba kama unywele. Ndizo zinazoingia. Ukitoa tyubu, ukatia mpya, ukajaza, baada ya kilomita mbili inaisha tena, maana uzi bado umo ndani ya tairi, umejificha.

Mwaka juzi, karibu na Mida, tulibadilisha tyubu ya kijana mmoja mara mbili. Mara ya tatu mzee wetu wa pancha alitusukuma kando, akavua tairi lote, akachukua kipande cha leso kuukuu na kukipitisha ndani ya tairi polepole, akizungusha. Leso ikakwama. Hapo ndipo ulipokuwa, uzi wa nusu kucha, ukiwa umelala ubavu. Akauchomoa kwa koleo akauweka kwenye kiganja cha yule kijana. Usipitishe kidole kitupu. Mimi nilipitisha, na kovu ninalo.

Njoo na tyubu mbili za saizi yako, vyuma viwili vya kutolea tairi, pampu, kiraka na gundi yake. Angalia valvu. Kama valvu yako ni nyembamba, ile ya baiskeli za mbio, pampu ya kituo cha mafuta haitaingia, na pampu ya jirani yako huenda isiingie pia. Valvu nene kama ya gari hupata msaada popote.

Nibebe maji kiasi gani? Na chakula?

Chupa mbili za lita moja moja, na uzijaze upya kila kituo. Kwa joto letu, hesabu nusu lita hadi lita nzima kwa kila saa ya kuendesha, kulingana na mwili wako. Kunywa kidogo kidogo. Ukingoja kiu, umechelewa.

Maji matupu peke yake kutwa nzima hayatoshi, kwa sababu jasho letu ni la chumvi. Tazama fulana yako nyeusi mchana uone ramani nyeupe. Gari letu hubeba mchanganyiko ule ule wa kumpa mtoto anayehara: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, si vya kurundika. Kamulia ndimu. Madafu ni mazuri, na kando ya barabara hayakosekani, lakini yana chumvi kidogo. Yafuate na achari au karanga za chumvi.

Asubuhi, mahamri na mbaazi, saa nzima kabla ya kuondoka. Usile sinia. Njiani ndizi, tende, kashata, viazi karai vya Gede kama tumbo lako ni la chuma. Kilifi tunakula wali mdogo. Nasisitiza mdogo, maana yupo aliyekula biriani ya watu wawili akaja kuirudisha yote Tezo, mbele ya watoto wa shule ya chuo.

Na mnazi? Subiri ufike nyumbani. Mambo yako na Mola wako ni yako, lakini tukiisikia harufu, baiskeli yako inapanda gari.

Nivae nini? Na sisi kina dada?

Kofia ngumu ya baiskeli ni lazima, hakuna mjadala. Fulana tunakupa, ni ya rangi kali ili dereva akuone. Suruali isiwe na mshono mnene katikati. Wenye suruali fupi zenye sponji watakucheka saa moja asubuhi na watakuwa wakicheka bado saa tisa. Paka mafuta mazito ya mgando mapajani kabla ya kutoka. Mafuta ya nazi hunukia vizuri lakini huyeyuka na kuisha kabla ya Mida.

Kina dada wengi huja na suruali pana na kanzu inayofika magotini, na mtandio wa kitambaa cha fulana, uliofungwa nyuma ya shingo na kuingizwa ndani ya nguo. Kofia ngumu hukaa juu yake vizuri kama utaondoa pini. Baibui refu sitalishauri, si kwa sababu ya mtu yeyote ila kwa sababu ya mnyororo. Ukivaa kilicho kirefu, kikunje na ukifunge. Mguu wa kulia wa suruali ufunge kwa mpira, ndio upande wa mnyororo. Kuna kundi la akina mama linaloendesha pamoja, na ukitaka utaanza nao. Mwendo wao ni wa kutulia na ndio wanaopoteza watu wachache zaidi njiani, fikiria mwenyewe.

Malori na matatu hayatatumaliza?

Hofu hiyo ni ya haki. Barabara ni ya njia mbili, na inabeba mabasi, matatu, bodaboda na malori ya chumvi yanayotoka Gongoni na Marereni kwenda Mombasa. Tunawaarifu polisi mapema, tuna gari mbele na gari nyuma, na tunagawanyika makundi ya watu kumi kumi yenye nafasi kati yake ili lori lipate pa kuingia likitupita. Msururu mmoja mrefu wa baiskeli humlazimisha dereva kubahatisha.

Ndani ya kundi tunakwenda mmoja nyuma ya mwingine. Wa mbele ndiye macho ya wote: akiona shimo anaelekeza kidole na kuita "Shimo!", na neno linapokezanwa mpaka nyuma. "Tuta!" "Ng'ombe!" Wa nyuma naye huita "Gari!" likija kwa nyuma, hata kama kila mtu amelisikia. Usifunge breki ghafla. Usisogee kulia bila kutazama. Usivae visikizi, hata kimoja. Na lori kubwa likikupita, shika usukani imara: kwanza upepo wake hukusukuma nje, kisha hukuvuta ndani.

Kukaa nyuma ya mwenzio kuna faida nyingine, unajificha upepo. Asubuhi kusi ikiwa usoni, wa mbele anafanya kazi yenu. Basi tunabadilishana kila dakika tano. Anayekataa kukaa mbele tunamjua jina.

Nikichoka katikati?

Unapanda gari. Hakuna cheti cha ushujaa, na pesa ulizochangisha hazirudishwi kwa sababu ulifika Tezo tu.

Mwisho wa kila kitu yupo mfunga msafara, mtu ambaye kazi yake ni kuwa nyuma ya wa mwisho. Hampiti yeyote. Akisimama yule wa mwisho kufunga kiatu, naye anasimama. Nimeifanya kazi hiyo miaka mitatu na ndiyo ninayoipenda, kwa sababu nyuma kule hakuna anayejisifu. Watu husema kweli. Mwalimu mmoja aliniambia kuanzia Roka mpaka Gede habari za mwanawe, kilomita nyingi, hanitazami, anapiga pedeli tu.

Ila kuna dalili ambazo hatujadiliani: ukiacha kutoka jasho na ngozi ina moto, ukisikia baridi juani, ukianza kujibu maswali ovyo, kifua kikibana. Hapo unashuka, unalazwa kivulini, unamwagiwa maji, na muuguzi wetu ndiye anayeamua, si wewe wala mimi.

Mimi mwenyewe nina selimundu. Naweza kuja?

Njoo, lakini si kwa kilomita 120. Uchovu mkubwa, upungufu wa maji na baridi baada ya jasho ni mambo yale yale yanayoamsha maumivu. Zungumza na daktari wako. Akikubali, wapo wanaoendesha mpaka mwisho wa mji kisha wanapanda gari letu, chupa ya maji mkononi. Na wapo wanaokaa kituo cha Gede na kuzungumza na watu. Hao husikilizwa kuliko sisi. Kijana mmoja huko alionyesha dawa zake kwenye meza, haidroksiurea na foliki, akaeleza tangu aanze kuzinywa kila siku amelazwa mara ngapi. Watu walikuwa wamemzunguka kama muuza dawa za miti shamba.

Wewe mbebaji tu, mwenye jeni moja? Kwa kawaida huna shida, ila kunywa maji kama tulivyosema, usijikamue kupita kiasi, na umwambie muuguzi asubuhi.

Watoto?

Mpaka Gede na kurudi, wakiwa na mzazi. Kuanzia miaka 16, safari nzima kwa barua ya mzazi.

Swala?

Siku ni Jumamosi ili Ijumaa na Jumapili zibaki za wenyewe. Adhuhuri tunasimama penye msikiti na maji. Wasioswali hupata nusu saa ya kivuli na hawajawahi kulalamika. Alasiri mnaikuta Malindi.

Kwa nini hamwendi Lamu? Ingekuwa nzuri zaidi.

Ingekuwa. Lakini kutoka Malindi kupitia Garsen na Witu mpaka Mokowe ni zaidi ya kilomita 200, na usalama wa barabara hiyo si jambo la kuchezea na kundi la watu wa familia. Halafu Mokowe unaingia mashua, na ukifika Lamu baiskeli yako inakwenda wapi kwenye vichochoro vile? Punda watakuomba upishe.

Nijiandae vipi? Nimebakisha wiki nane.

Zinatosha. Endesha mara tatu kwa wiki: mbili fupi za saa moja, na moja ndefu mwisho wa wiki. Anza Malindi hadi Gede na kurudi. Baada ya wiki mbili tatu fika Mida. Kisha Matsangoni na kurudi, mara mbili. Ukiweza hiyo ukashuka ukiwa bado unaweza kucheka, Kilifi utafika. Wiki ya mwisho pumzika. Na kalio lako lizoee kiti hicho hicho utakachokwenda nacho. Usinunue kipya siku ya Alhamisi.

Pesa naletaje, na najuaje hazikuliwi?

Unapewa kadi ya mchango yenye namba. Anayetoa huandika jina na kiasi kwa mkono wake, na pesa hutumwa kwa M-Pesa kwenye akaunti ya kikundi, si kwa simu yangu wala ya mtu yeyote. Kutoa pesa kwenye akaunti kunahitaji watu watatu, mmoja wao mzazi wa mtoto mwenye selimundu. Chai, fulana na mafuta ya gari tunajilipia wenyewe kando. Baada ya mwezi tunabandika hesabu na risiti ukutani, yeyote asome. Mwaka mmoja jumla ilipungua shilingi 200 na mama mmoja akatuweka hapo hadi magharibi mpaka zikaonekana. Tumemfanya mweka hazina.

Pilau hupakuliwa saa ngapi?

Akifika wa mwisho. Sufuria huwa zimefunikwa pale karibu na jeti tangu saa tisa, na harufu inajulikana. Mwaka jana wa mwisho alikuwa yule muuza mkate na blakmamba lake, saa 11 na robo, mfunga msafara akiwa nyuma yake. Waliotangulia saa nzima na zaidi walikuwa wamekaa ukutani, kimya, kama watu wa matanga. Kengele yake ilisikika kabla hajaonekana. Mpishi akafunua.